Mwili umerudi masomoni, kichwa kimebaki kwenye kura

Juma hili tulikuwa tumepanga kuendelea na habari ya watoto wa mwaka wa kwanza wanaogeuza herufi, lakini itangoja kidogo. Tangu sikukuu za Noeli na mwaka mpya ziishe, mama wanne wametushika, mmoja sokoni, watatu kwenye mkutano wa likelemba, kila mmoja na swali lake, na maswali yote yalikuwa ndugu. Wangu wa ISP halali. Wangu wa UNIKI anakasirika ukimgusa tu. Wangu amefungua daftari tangu asubuhi, ukurasa haugeuki. Wa nne alisema kwa kifupi: "Huyu mtoto, uchaguzi umemmaliza."

Wengine walicheka. Uchaguzi gani tena, si umekwisha? Kwa kalenda, ule wa rais umekwisha kweli. Tulipiga kura Jumatano tarehe 20 Desemba 2023, na pale ambapo vituo havikufunguliwa, CENI ikaongeza muda. Tarehe 31 Desemba ikamtangaza Félix Tshisekedi mshindi kwa zaidi ya 73 kwa mia, tarehe 9 Januari Mahakama ya Katiba ikathibitisha, na Jumamosi tarehe 20 Januari rais akala kiapo. Lakini mwili wa kijana haufuati kalenda ya CENI. Kampeni ilianza tarehe 19 Novemba, na wengine walikuwa wamekwisha kuitumikia kambi fulani miezi mingi kabla ya hapo. Anayebeba mzigo muda wote huo, siku ya kuutua mabega bado yanauma.

Sisi tuliosoma ISP wakati wa uchaguzi wa 2011 tunaikumbuka hali hiyo, ingawa wakati ule tulikusanyika watu kumi kwenye redio moja, tunasikiliza Radio Okapi, na redio ikizimwa kila mtu anakwenda kulala. Tulikuwa na mawazo mengi, ndiyo. Ila yalikuwa na saa yake.

Basi tuulize: huyu mtoto amebeba nini?

Kwanza amebeba hofu, na tuseme wazi neno ambalo katika nyumba nyingi linasemwa kwa sauti ya chini. Jumanne tarehe 28 Novemba, siku Moïse Katumbi alipokuja Kindu kwa kampeni yake, fujo zilizuka na mmoja wa viongozi vijana wa chama chake akauawa. Sisi watu wazima tulishtuka, tulisikitika, kesho yake tukarudi kuuza mchele na mawese kwa sababu watoto wanakula kila siku. Kwa kijana wa miaka ishirini jambo halikupita hivyo. Aliyekufa ni mtu wa mji huu huu, aliyetoka nyumbani asubuhi kwa sababu ya kampeni, kama walivyotoka wao wengi, wengine kwa kupenda chama, wengine kwa kutaka tisheti tu. Tunawajua wasichana waliobadilisha njia ya kwenda masomoni tangu siku ile. Tunawajua wavulana waliozika tisheti chini ya nguo za zamani, wakakataa hata kuifanya kitambaa cha kupangusia pikipiki. Ni nani aliyewauliza waliona nini? Tuliwauliza kama wamekula.

Halafu kuna aibu, ambayo mama wengi hawaihesabu. Augustin Matata Ponyo, mwana wa Maniema, waziri mkuu wa nchi toka 2012 hadi 2016, alikuwa amejitangaza mgombea wa urais. Kampeni ilipokuwa ndiyo inaanza, akajiondoa na kumuunga mkono Katumbi. Sisi tunayajua mambo ya siasa, tulitikisa kichwa tukaendelea. Lakini kijana aliyekuwa amemtetea mgombea wake mbele ya oditwari nzima, kwa kidole na kwa kiapo, aliamka asubuhi moja akakuta anatakiwa kumtetea mtu mwingine, au anyamaze wenzake wamcheke. Ukiwa na miaka ishirini na moja, hiyo si siasa. Ni jina lako.

Na ndugu! Hapa tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo sisi wenyewe tunaingia. Mwanafunzi wetu hasomi kwa mfuko mmoja. Baba mdogo anayelipa nusu ya minervali ni wa chama hiki. Mama mkubwa anayempa chumba hapa Mikelenge ni wa chama kile. Shangazi aliyeko Kasongo anapiga telefone usiku kumkumbusha kwamba mgombea ubunge fulani ni mtoto wa kwetu. Kila mmoja anataka neno moja tu, "tuko pamoja", na kila mmoja akilisikia anadhani amepewa yeye peke yake. Mtoto anajifunza kuwa na sura tatu. Kisha matokeo yanatoka, na yule aliyeshindwa anauliza: wewe uliyesema tuko pamoja, kura yako ilikwenda wapi?

Kuna na wale waliojiandikisha kijijini. Kadi ya kura inakulazimisha kurudi pale ulipojiandikishia, kwa hiyo mtoto aliyejiandikisha Kibombo, Kasongo au Pangi, na anasoma Kindu, alitakiwa kuchagua: ama asafiri katika mvua za Desemba, na sote tunajua barabara zetu zinakuwaje mwezi huo, au abaki na kuitwa msaliti. Waliosafiri, wengine walirudi wamekosa mafundisho na mtihani mdogo. Waliobaki, ndugu hawajawasamehe hadi leo. Na tusimwambie mtu kwamba angeiacha tu hiyo kadi, kwa sababu katika nchi yetu kadi ya kura ndiyo kitambulisho. Bila hiyo hupokei hata pesa uliyotumiwa na mama yako.

Lakini katika yote tuliyosikia, lililotuumiza zaidi ni la mashahidi. Kila mgombea anataka mtu wake ndani ya chumba cha kura, wa kutazama kura zinavyopigwa na kuhesabiwa, kutia sahihi kwenye PV na kurudi na nakala. Kazi hiyo inataka mtu anayejua kusoma, kuandika na kuhesabu bila kusinzia. Kwa hiyo wanafuatwa wanafunzi. Msichana mmoja wa mwaka wa pili, mama yake ni wa kundi letu, alikaa kwenye kiti toka kabla ya jua mpaka kura zikahesabiwa kwa taa ya telefone, usiku wa manane, tumbo lina maji tu. Alikuwa ameahidiwa dola kadhaa na chakula. Chakula hakikufika. Alipopeleka PV asubuhi, aliyemtuma akamwambia angoje, bwana yuko kwenye mkutano. Tangu hapo telefone ya bwana haipatikani. Alishindwa, na watu wanasema amekwenda Kinshasa kulalamika mahakamani. Ila mama wa msichana alikuwa amekwisha kuchukua pesa ya likelemba kulipa sehemu ya minervali, akitegemea zile dola ndizo zitarudi kwenye kapu.

Mtoto yule anaitwa "mwenye stresi ya uchaguzi". Sisi tunaona deni. Anaogopa kukutana na mama zake wa likelemba njiani. Anaogopa kuitwa jina kwenye orodha ya wasiolipa. Na juu yake kuna kitu kingine ambacho alitwambia pole pole, baada ya kunywa chai vikombe viwili: tarehe 5 Januari CENI ilipofuta kura za wagombea 82 kwa udanganyifu na makosa mengine, alianza kujiuliza habari ya ile karatasi aliyotia sahihi. Alihesabu vizuri? Kuna mtu aliongeza kitu baada yake? Mgombea wake hakuwa hata kati ya hao 82. Lakini saa nane ya usiku akili haiulizi orodha.

Tukumbuke pia telefone. Mwaka 2018, siku moja baada ya kura ya tarehe 30 Desemba, serikali ilikata intaneti na mesaji, na zikakaa karibu siku ishirini bila kurudi, hata matokeo yalipotangazwa tarehe 10 Januari 2019. Vijana wa wakati ule waliteswa na kimya. Hukujua ndugu yako wa Goma au Lubumbashi yuko katika hali gani kama huna unite za kupiga. Safari hii njia ilibaki wazi, na vijana wameteswa na kelele. Kila kundi la WhatsApp lilikuwa na matokeo yake. Katika homu moja tuliambiwa kwamba usiku mmoja walikuwa na marais watatu. Hatujui ni lipi baya zaidi, kimya kile au kelele hii. Lakini kimya kile angalau watu walilala.

Na si sisi peke yetu. Marekani, ambako hakuna anayehesabu kura kwa taa ya telefone, chama cha wanasaikolojia kiliwauliza watu wazima kuhusu jambo hili mwaka 2016, na 52 kwa mia wakasema uchaguzi unawaletea mkazo mkubwa. Mwaka 2020 wakafika 68 kwa mia. Vyuo vingi vya huko vina washauri ambao kazi yao ni kukaa na mwanafunzi aliyechoka kichwa. Hapa kwetu mshauri huyo ni mama, au mwalimu, au hakuna.

Sasa, mama afanye nini? Tutasema yale tuliyoyaona yakisaidia, na yale ambayo kama walimu tunayajua juu ya kichwa cha mtu anayesoma.

Anza na mwili. Mtoto akilalamika kichwa na tumbo, mpeleke apimwe malaria. Tusiruke hapo, tuko Kindu. Lakini kipimo kikionyesha hakuna malaria, tafadhali usinunue dawa ya malaria "ili tuwe na hakika". Hofu inauma tumboni kweli, inakaza shingo kweli, inapandisha moyo kweli. Mwili unajitayarisha kukimbia, na mtu anayejitayarisha kukimbia hawezi kushika somo la uchumi. Ndiyo maana ukurasa haugeuki. Si uvivu, na hakuna jirani aliyemfunga akili. Tunasema hili kwa sababu mama mmoja alikuwa amekwisha kuambiwa alete mbuzi.

Kisha muulize juu ya yale aliyoyaona, na ukubali jibu liwe fupi. Wakati mzuri ni mikono ikiwa na kazi: mnatwanga sombe, mnachagua mchele. Watoto wakubwa hawapendi kutazamwa usoni wakisema jambo gumu. Usimkatize kwa kusema "sisi tumeona vita, wewe umeona nini". Tumeona, ni kweli, na Maniema haijasahau. Lakini mtoto akifungiwa mlango huo mara moja, harudi kubisha.

Tuna neno pia juu ya msemo mmoja unaopendwa sana: "Siasa si yako, wewe soma tu." Siku ya kampeni tulifurahi alipoleta kitenge na kilo za chumvi. Siku ya kura tulimwamsha mapema. Sasa hatuwezi kumwambia haimhusu. Afadhali kumwambia: ulipiga kura yako, ulikuwa na haki yako, na matokeo si mzigo wako wewe mmoja.

Telefone tusimnyang'anye mtu wa miaka ishirini na mbili. Atatafuta nyingine, na mtakuwa na vita mbili. Nyumba moja ya Kasuku walikubaliana hivi: saa tatu ya usiku telefone zote, ya baba pia, zinalala kwenye meza ya sebule. Habari wanasikiliza mara mbili kwa siku, kwa redio, wote pamoja. Kitu kikija kwa WhatsApp na hakijasemwa na CENI wala redio inayojulikana, hakisomwi kwa sauti. Baba ndiye aliyelalamika zaidi. Baada ya siku nne mtoto alilala mpaka saa kumi na mbili.

Kwa masomo, tunatoa shauri la kimwalimu. Anayeshindwa kusoma asilazimishwe kukaa saa tano mbele ya daftari, kwa sababu anajifunza kushindwa tu. Achukue ukurasa mmoja, aukopi kwa mkono, afunge, aseme kwa sauti alichokumbuka, kisha aamke akachote maji. Nusu saa inatosha mwanzoni. Na kama inawezekana asome na mwenzake aliyekuwa kambi nyingine. Hili linashangaza watu, lakini tumeliona: wavulana wawili waliokuwa hawasalimiani toka Novemba waliwekwa pamoja na chefu wa promosheni kwa kazi moja ya takwimu. Siku ya kwanza waligawana karatasi kama watu wanaogawana shamba. Siku ya tatu walikuwa wanamsema profesa pamoja. Hawakuongea habari ya kura hata kidogo, na hakuna aliyewaomba waongee.

Nyumbani, mwenye nyumba ndiye wa kuweka amri. Jina la mgombea halitajwi wakati wa chakula mpaka mitihani ipite. Na wewe mama, ndiye wa kumpigia yule baba mdogo na yule shangazi wa Kasongo. Mtoto hawezi kuwaambia waache, ni wakubwa wake. Wewe unaweza: "Ndugu yangu, mtoto yuko kwenye mitihani, habari za kura tuongee mimi na wewe." Akikasirika, akukasirikie wewe. Wewe humtegemei kwa minervali. Na kama unamtegemea, basi likelemba ijue mapema, tutafute njia.

Kuhusu msichana yule shahidi, neno la faraja peke yake lisingemsaidia. Tulikaa naye na karatasi: ulilipwa nini, unadaiwa nini, tarehe gani ya mwisho. Deni lililoandikwa lilikuwa dogo kuliko lile lililokuwa kichwani mwake. Ndivyo madeni yalivyo mara nyingi. Kisha wanawake saba tukavaa vizuri, tukaenda kwa yule aliyewaandikisha mashahidi wa mgombea hapa mjini, bila kelele, na orodha ya vijana kumi na mmoja wa kazi ile ile. Alitupa viti. Alitupa na maneno mengi. Mwishowe alitoa nusu kwa kila mmoja na kusema nusu nyingine mpaka bwana arudi. Nusu ile hatuitegemei. Kundi limekubali kusogeza zamu ya mama yule katika likelemba, ipande juu, na mtoto alipe kilichobaki akipata. Msichana bado analala vibaya, lakini sasa anapita mbele ya nyumba zetu akisalimu.

Makundi mengine yenye vijana waliofanya kazi ya ushahidi na hawajalipwa, leteni majina kwa katibu kabla ya mkutano wa mwezi. Tukienda wengi tunapewa viti haraka zaidi. Na safari ijayo mtoto asiende kukaa katika chumba cha kura kwa ahadi ya mdomo. Karatasi ndogo yenye kiasi na sahihi inatosha, na mgombea anayekataa kuandika amekwisha kujibu.

Linabaki jambo moja ambalo haliwezi kungoja mkutano. Kama mtoto amepitisha usiku tatu au nne bila kulala kabisa, kama haogi wala hali, kama ameanza kunywa pombe ili alale, kama anasikia watu wanaomfuata ambao hawapo, na zaidi sana kama anasema afadhali afe au anagawa vitu vyake, usimwache peke yake, hata usiku mmoja. Mtu mmoja alale naye chumbani. Ondoa dawa za panya na zile za shamba ndani ya nyumba. Asubuhi nendeni kituo cha afya na mweleze mganga kwa maneno wazi, bila kusema ni malaria, na mkiambiwa mwende Hospitali Kuu, mwende siku ile ile. Maombi yaendelee, hatuyakatazi, lakini yaendelee njiani mkielekea hospitali. Kama huna nauli ya pikipiki, gonga mlango wa mama yeyote wa kundi letu, saa yoyote.